Shangwe Iliyopachikwa Folsom

Anko hasikilizi kantri kwa spika ya bluetooth. Anasema inafanya mwimbaji asikike kama amefungiwa ndani ya debe. Kwa hivyo Jumapili hiyo nilipofika kwake Kitengela ilibidi nitafute waya, nichomeke simu kwenye ile redio yake kubwa ya spika mbili, ile ambayo tangu niwe mtoto imekuwa ikitupa Jim Reeves asubuhi, Kenny Rogers mchana na Don Williams jua likizama. Kama umelelewa na watu wa rika la anko, mambo haya unayajua. Wapo wanaodhani kantri ni muziki wa wazungu wa Texas na kofia zao. Hao hawajawahi kukaa Nakuru ama Nyahururu siku ya Jumapili, chai iko kwa thermos, mzee amefunga macho, na mtu aliyekufa zamani anaimba kuhusu upendo kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale.

Mimi nilimletea Johnny Cash. Anko hakufurahi sana. Kwake Cash ni mtu wa hasira, na Jumapili si siku ya hasira. Lakini nilikuwa nimeahidi kuandika kitu kuhusu *At Folsom Prison*, lile toleo la mwaka 2008 ambalo lina maonyesho yote mawili ya siku ile badala ya vipande vilivyochaguliwa, na nilitaka kumsikiliza mtu mwingine akisikiliza. Sitadanganya, kulikuwa na sababu nyingine pia. Kabla sijaanza darasa la kwanza, anko alikaa rumande miezi kumi na minne kwa kesi ambayo mwishowe ilikosa mashahidi ikatupwa. Nyumbani tuliambiwa amesafiri. Nilikuja kujua nikiwa chuo, kwa kusikia shangazi akiropoka kwenye matanga. Anko mwenyewe hajawahi kunisimulia, na mimi sijawahi kuuliza. Niliona labda Cash ataniulizia.

Tukaanza. Gitaa likaingia na ule mwendo wake wa gari moshi, Cash akaanza “Folsom Prison Blues”. Ubeti wa pili ukafika, pale msimulizi anapokiri kwamba aliua mtu na sababu anayotoa ni udadisi tu, hakuna nyingine. Hapo ndipo shangwe inapolipuka. Kama umewahi kusikia rekodi hii hata mara moja unaijua hiyo shangwe. Mtu anapiga yowe, mwingine mbinja, unahisi kama ukumbi mzima wa wauaji umesimama juu ya meza.

“Rudisha hapo,” anko akasema.

Nikarudisha.

“Hao si wafungwa.”

“Ni wafungwa, anko. Ilirekodiwa jela. Ndiyo maana ni maarufu.”

“Mama,” akaniambia, kwa sababu nimepewa jina la mama yake na hajawahi kuniita kingine, “askari wamesimama pale na bunduki. Wewe ni mfungwa. Mtu anaimba ameua. Wewe unapiga kelele ati umefurahi? Jioni si utaulizwa?”

Nilicheka. Kisha nikaenda nyumbani nikasoma, na nikaacha kucheka.

Anko alikuwa sahihi. Michael Streissguth, aliyeandika kitabu kizima kuhusu siku hiyo moja, alieleza jambo hili mwaka 2004: ile shangwe haikuwepo. Ilipachikwa baadaye studio. Wafungwa wenyewe walikuwa waangalifu siku ile, hasa Cash alipogusia jela yenyewe, kwa sababu waliogopa kulipizwa na askari. Yaani dakika inayojulikana kuliko zote katika historia ya kantri ya moja kwa moja, dakika ambayo kila mwandishi wa muziki huitaja kama ushahidi kwamba Cash na wafungwa walikuwa damu moja, ilitengenezwa na watu waliokaa mbele ya mashine na kahawa zao, wakiwa huru kwenda nyumbani saa kumi na moja.

Wacha niweke mambo ya msingi hapa ili tusonge. Tarehe ilikuwa 13 Januari 1968, Jumamosi, California. Maonyesho mawili ndani ya ukumbi wa kulia chakula wa gereza la Folsom: la kwanza saa tatu na dakika arobaini asubuhi, la pili saa saba kasoro dakika ishirini mchana. Cash alikuja na June Carter, Carl Perkins, kikundi cha Statler Brothers na bendi yake ya Tennessee Three. Prodyuza alikuwa Bob Johnston. Cash wakati huo alikuwa anajaribu kutoka kwenye shimo la vidonge alivyomeza kwa miaka, na kampuni ya Columbia haikuwa na matumaini makubwa naye. Albamu ilitoka Mei mwaka huohuo ikamrudisha juu, ikafika namba moja kwenye chati ya albamu za kantri, na mwaka uliofuata akaenda San Quentin kufanya jambo lilelile na kuuza zaidi. Hayo mengine utayapata popote.

Kinachonikereketa ni kile kinachofuata ubeti ule. Ukiondoa shangwe, wimbo unakwenda vipi? Mtu anakiri, halafu papo hapo, pumzi ileile, anasema jinsi anavyovunjika akisikia gari moshi likipita nje. Ni wimbo wa mtu aliyejifungia mwenyewe na kutupa ufunguo. Kukiri na kulia vimekaa mlango kwa mlango, hakuna nafasi ya mtu mwingine kuingia katikati. Ndiyo siri ya ubeti huo: hakupi muda wa kujiandaa. Sasa weka shangwe katikati. Kukiri kunageuka majigambo. Kilio kinachofuata hakisikiki tena, au kinasikika kama mzaha wa mlevi. Wahandisi hawakuongeza sauti tu, waliandika upya maana ya mstari, na walifanya hivyo kwa kutumia midomo ya watu ambao hawangeweza kukanusha.

Najua utaniambia nini. Utaniambia albamu nyingi za “moja kwa moja” zimepakwa poda, vocali zikarudiwa studio, makofi yakaazimwa kutoka onyesho lingine. Ni kweli, na mara nyingi sina shida. Mpiga besi akikosea na akasahihisha baadaye, nani ameumia? Lakini makofi ya Folsom si mapambo. Watu walinunua rekodi hii *kwa ajili ya* makofi. Nyimbo zenyewe walikuwa nazo: “Folsom Prison Blues” ilikuwa imetoka tangu 1955. Walicholipia mwaka 1968 ni kusikia wafungwa wakisikiliza. Na kile walichouziwa, pale mahali muhimu kuliko pote, hakikuwa wafungwa.

Sasa niungame na mimi. Nikiwa mwaka wa pili chuo niliipenda shangwe hiyo kuliko wimbo. Nilikuwa napanda matatu ya jioni kutoka mjini, earphone masikioni, msichana wa miaka ishirini ambaye hajawahi hata kulala kituo cha polisi, na hiyo yowe ikifika najihisi mtu hatari. Manze, nilijiona! Ilinipa ruhusa. Kama wafungwa wenyewe wanashangilia mauaji basi na mimi naweza kushangilia bila dhambi, maana wao ndio wenye mambo. Hivyo ndivyo hila ile inavyofanya kazi. Inakukopesha ukatili wa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine hana habari kwamba amekukopesha.

Tena haikuchukua muda kabla ya kampuni kugeuka. Mwezi mmoja baada ya albamu kutoka, Juni 1968, Robert Kennedy alipigwa risasi Los Angeles. Ghafla vituo vya redio havikutaka kucheza wimbo wenye mtu anayeua kwa udadisi, na mstari ukakatwa kwenye toleo la redio. Angalia mlolongo huo: kwanza wanaongeza wafungwa wanaofurahia mauaji kwa sababu msikilizaji wa nje atapenda, halafu wanaondoa mauaji kwa sababu msikilizaji wa nje amekasirika. Matusi ya Cash nayo yalikuwa yamefunikwa tangu mwanzo. Mkasi ulikata, gundi ikabandika, na kila mara aliyeulizwa maoni ni yule aliye nje ya ukuta.

Hata Cash mwenyewe, tukisema ukweli, alianzia nje. Aliutunga wimbo ule akiwa mwanajeshi kijana wa anga huko Ujerumani miaka ya mwanzo ya 1950, baada ya kutazama filamu kuhusu Folsom. Sehemu kubwa ya wimbo aliichukua kutoka kwa Gordon Jenkins, ambaye baadaye alidai na akalipwa. Cash hakuwahi kufungwa gereza kubwa. Alilala kolokoloni usiku mmoja hapa na mwingine pale kwa makosa ya ulevi na vidonge. Si lawama. Mtu anaweza kuimba juu ya bahari bila kuzama. Merle Haggard, ambaye alikuwa mfungwa hasa ndani ya San Quentin wakati Cash alipokwenda kuimba huko mwishoni mwa miaka ya 1950, hakumwona kama tapeli. Alitoka akawa mwimbaji mkubwa wa kantri na maisha yake yote alimheshimu. Nasema tu kwamba kuna tabaka za kuigiza hapa, na kila tabaka inadai kuwa ngozi.

Jumapili iliyofuata nikarudi Kitengela. Nilimwambia anko alishinda. Hakushangaa. Aliniuliza kama hao jamaa walilipwa kwa sauti zao, na nilipomwambia hata sijui hizo sauti zilitoka kwa nani, akasema, “Basi wameibiwa mara mbili,” akamimina chai. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akasema tuisikilize yote. Onyesho la kwanza, kisha la pili, bila kurukaruka.

Na hapa lazima niitetee rekodi, kwa sababu kama ningekuwa nimekuja kukwambia tu kwamba Folsom ni feki ningekuwa nimekupotezea bundles bure. Rekodi hii ni hazina. Ila hazina yake haiko pale tulipoambiwa tuchimbe.

Sikiliza matangazo. Kati ya nyimbo, kipaza sauti cha gereza kinaingia na kuita mfungwa kwa namba, aende mahali fulani anatakiwa. Sauti ya mtangazaji ni ya kuchoka, kama mtu wa stendi anayeita abiria. Hakuna aliyeiweka pale ili kuleta utamu wa muziki, ingawa prodyuza alikuwa na akili ya kuiacha. Cash anaimba juu ya kufungwa, wanaume mia kadhaa wamekaa, halafu gereza lenyewe linakohoa katikati na kukumbusha kwamba mmoja wao si msikilizaji, ni namba, na namba hiyo inahitajika sasa hivi. Hakuna ubeti wa Cash unaoifikia nguvu ya hilo tangazo. Nilimtazama anko lilipopita. Alikuwa ameacha kukoroga chai.

Sikiliza pia ukimya wa mwanzo. Mshereheshaji, Hugh Cherry, alikuwa amewapanga wafungwa: Cash akitoka msishangilie, ngojeni ajitambulishe kwanza, ndipo mfungue milango. Wakatii. Cash akataja jina lake, na kishindo kikaja. Kishindo hicho ni cha kweli, watu wa kweli, lakini kimeelekezwa. Watu wanaoamka kwa kengele, wanaokula kwa kengele, wameambiwa sasa wafurahi kwa kengele. Anko alisema, “Hiyo nayo ni amri,” lakini akatabasamu, kwa sababu kuna amri ambazo mtu hutii kwa raha. Kwao, alinisimulia, mwaka mmoja wakati wa Krismasi kwaya ya kanisa fulani ilikuja. Waliambiwa waketi chini wawili wawili na mtu asisimame. Wimbo wa tatu ulikuwa ule ambao mama yake alikuwa akiuimba akipalilia. Hakusimama. Alipiga makofi kwa magoti yake.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunisimulia chochote. Nilinyamaza kama mtu aliyeona ndege karibu sana.

Tukaendelea. “Dark as the Dungeon” ni wimbo wa wachimba migodi, wa polepole, wa huzuni. Katikati yake mtu huko ukumbini anacheka na Cash mwenyewe anashindwa kujizuia, anacheka katikati ya mstari, kisha anawaambia kwa utani wasicheke wimbo ukiendelea. Anawaeleza kwamba onyesho linarekodiwa kwa ajili ya albamu na kwa hivyo kuna maneno hayaruhusiwi kusemwa, na anayataja moja baada ya jingine. Prodyuza yeyote mwoga angeikata sehemu hiyo, kwa sababu wimbo umeharibika. Mimi naona ndipo wimbo unapoanza. Kwa sekunde chache hakuna nyota na hakuna wafungwa. Kuna wanaume wanaocheka kitu ambacho mimi na wewe hatukioni, na hatutakiona, kwa sababu hatukuwepo. Kicheko cha kweli kina kawaida hiyo: kinakuacha nje. Ile shangwe ya kupachikwa yenyewe inakukaribisha ndani, inakuvuta kiti. Baada ya kusikia vyote viwili mara kumi, nadhani ningeweza kuvitofautisha hata bila kitabu cha Streissguth. Nadhani. Anko hakuhitaji mara kumi.

Halafu kuna “25 Minutes to Go”. Wimbo wa kuchekesha: mtu anahesabu dakika zilizobaki kabla hajanyongwa, moja moja, kwa mzaha na mbio zinazoongezeka. Wanaume wanacheka. Sasa jua kwamba kati ya mwaka 1895 na 1937 watu 93 walinyongwa ndani ya Folsom hiyohiyo. Kuta zilezile. Cash aliuchagua wimbo huo kwa makusudi au kwa ujinga wa ajabu, na mimi naamini ni makusudi, kwa sababu anauimba kama mtu anayetembea juu ya ukuta mwembamba: akipunguza kasi kidogo tu utageuka mazishi. Kicheko kinachosikika kwenye wimbo huo kina uzito ambao sijausikia kwenye rekodi nyingine yoyote ya kantri. Hakilipuki. Kinakuja kimekatika vipandevipande, upande huu kisha ule, kama watu wanaoangalia kwanza nani anaangalia. Kama wahandisi wangetaka kutuonyesha kweli wafungwa wanavyosikiliza wimbo wa kifo, mfano walikuwa nao mkononi. Hawakuuona unatosha.

Onyesho la pili watu wengi hawalijui, kwa sababu nyimbo mbili tu kati ya hizo ziliingia kwenye albamu ya 1968. Wakosoaji husema ni dhaifu, bendi imechoka, na ni kweli wamechoka. Koo la Cash linakwaruza. Hata utani ule wa asubuhi umepoa kidogo, kama chapati ya jana. Lakini mimi nalipenda, na nitakwambia kwa nini. Asubuhi Cash alikuwa anapigania maisha yake. Unasikia mtu anayejua kwamba hii ikikataa basi. Mchana ameshajua anacho alichokuja kuchukua. Albamu iko ndani ya mkanda tayari. Anaimba tena kwa sababu kuna kundi la pili la wanaume waliokaa, na waliahidiwa. Hapo hakuna anayemrekodia historia. Kama unataka kujua Cash alikuwa mtu wa namna gani, sikiliza huko.

Sasa nifike kwa mtu wa mstari wa mbele.

Usiku wa kuamkia onyesho, wakifanya mazoezi kwenye hoteli huko Sacramento, mchungaji Floyd Gressett, rafiki wa Cash aliyekuwa akihudumu gerezani, alimletea mkanda. Ulikuwa na wimbo wa mfungwa wa Folsom, Glen Sherley, aliyefungwa kwa wizi wa mabavu. Wimbo unaitwa “Greystone Chapel”, unahusu kanisa la mawe lililo ndani ya gereza. Cash alijifunza usiku uleule. Kesho yake, mwisho wa onyesho, akatangaza kwamba wimbo unaofuata umetungwa na mtu aliyekaa humu ndani, akamtaja, akamwimbia. Sherley hakuwa ameambiwa.

Kila anayeandika juu ya albamu hii hulia hapa, na mimi nililia pia mara ya kwanza. Ni tendo zuri. Jina la Sherley liliandikwa kwenye albamu kama mtunzi, jambo ambalo, ukikumbuka ya Gordon Jenkins, si dogo. Cash alisimama naye hadi mwisho: alisaidia apate kutoka, na Sherley alipoachiliwa mwaka 1971 Cash alikuwa pale kumpokea, akampa kazi kwenye kampuni yake na nafasi kwenye ziara zake. Mwaka 1972 walikwenda pamoja Washington kutoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Seneti kuhusu magereza. Hakuna mwanamuziki wa kantri wa wakati huo aliyefanya zaidi.

Lakini anko alisikiliza “Greystone Chapel” na kitu kingine kabisa kikamsumbua.

“Huyo mwenye wimbo yuko pale?”

“Mbele kabisa.”

“Na anajua kuimba?”

“Anajua. Baadaye alirekodi albamu yake.”

“Sasa mbona asipande aimbe?”

Sikuwa na jibu. Bado sina. Jibu la kawaida ni kwamba uongozi wa gereza haungekubali, na pengine ndivyo. Lakini swali la anko halihusu ruhusa. Nimesoma makala nyingi kuhusu rekodi hii na sikuwahi kuona mtu akilitamka. Wakati unaosifiwa kuwa ndio wafungwa wanapata sauti, sauti tunayoisikia ni ya Cash. Mwenye wimbo amekaa kwenye benchi, nguo za jela, anapokea wimbo wake kama zawadi. Ukijaribu kumsikia kwenye mkanda, humsikii. Pengine ni mmoja wa wanaopiga makofi. Pengine anafunika uso. Rekodi inayodai kutupa Folsom yote haikuweka maikrofoni mbele ya mtu mmoja wa Folsom aliyekuwa na kitu cha kuimba.

Sherley hakudumu nje. Maisha ya ziara yalimshinda, tabia yake ikawatisha wenzake hasa baada ya kutoa vitisho kwa mpiga besi wa Cash, Marshall Grant, na akaondolewa kwenye kundi. Alikwenda kufanya kazi ya kulisha ng’ombe California. Mwaka 1978 alijiua. Wapo wanaosimulia hadithi hii kama funzo kwamba wafungwa hawabadiliki, na wapo wanaoisimulia kama funzo kwamba umaarufu unaua. Mimi sitaki kuigeuza funzo. Ninachosema kama mtu anayesikiliza rekodi kwa kazi ni kwamba siwezi tena kusikia makofi ya mwisho wa “Greystone Chapel” bila kuhesabu miaka kumi.

Kwa hivyo nikiulizwa, na mhariri wangu ameniuliza, je, rekodi hii inastahili sifa zake? Inastahili, lakini nataka isikilizwe kama tunavyosikiliza ushuhuda mahakamani, ukijua nani alimhoji shahidi na nani aliandika alichosema. Usinunue ile albamu fupi. Tafuta toleo la 2008 lenye maonyesho yote mawili, tenga mchana mzima, na usiruke maneno kati ya nyimbo, kwa sababu hayo ndiyo nyama. “Cocaine Blues” ikifika utafurahi tu, huwezi kujizuia, Cash yuko motoni. Na ile shangwe ya ubeti wa pili ikifika, isikilize vizuri. Sikiliza jinsi ilivyo safi. Haina mtu anayekohoa karibu yake.

Tulimaliza onyesho la pili jua likiwa limeshazama, na mke wa anko alikuwa ameshatuita mara mbili tule. Nikaanza kukunja waya wangu. Anko akaniuliza kama naweza kurudisha ile sehemu ya asubuhi, ile ya kipaza sauti, si wimbo. Nikaitafuta. Mtangazaji akaita namba ya yule mfungwa wa Folsom, mara moja, kwa ile sauti yake ya kuchoka, na Cash akaendelea na mambo yake.

“Yangu ilikuwa na namba nne,” anko akasema.

Akaitaja. Aliitaja haraka, bila kufikiri, vile mtu hutaja namba yake ya simu dukani anapolipa. Kisha akainuka, akazima redio, akasema twende tule kabla ugali haujapoa.